Kapteni mzuri mnamtambuaje? Jumapili tunapiga kura na timu imeshagawanyika

Beki Mstaafu:

Wakuu habari za jioni. Naleta hili kwenu maana huku kwetu tumeshabishana mpaka watu wawili wamejitoa kwenye grupu la WhatsApp. Sio uzi wa Simba na Yanga, wale wa utani piteni kimya kimya.

Iko hivi. Tuna timu ya mtaa huku Mbagala, ndondo, mabonanza, mechi za kirafiki na watu wa Chamazi, hayo ndo maisha yetu. Umri mchanganyiko, kuna madogo wa form four mpaka sisi wenye vitambi tunaocheza dakika ishirini halafu tunashika kiuno. Kapteni wetu kavaa kitambaa miaka sita (kitambaa chenyewe ni shingo ya soksi imekatwa), sasa kahamishwa kikazi Dodoma, Jumapili tunachagua mwingine.

Kundi la kwanza linamtaka namba kumi wetu. Dogo anajua, sibishi, akipokea mpira hata wauza karanga wanasimama. Kundi la pili ambalo na mimi nimo linamtaka beki wa kulia, ni fundi gereji, kiwango chake cha kawaida kabisa na kuna siku anapigwa chenga mpaka unamuonea huruma.

Kwa nini namtaka huyo? Mwaka jana tulishika nafasi ya pili kwenye bonanza moja tukapewa laki tatu. Pale pale uwanjani watu wakaanza kugawana, waliocheza fainali wachukue, waliobaki wanunuliwe soda. Kuna dogo hakuwahi kuingia hata dakika moja mashindano yote ila ndo alikuwa anabeba begi la jezi kwa miguu na kuja na dumu la maji kila mechi. Fundi akachomoa kadaftari kake ka gereji, kamejaa alama za vidole vya oili, akaanza kusoma nani alikuja mazoezi siku ngapi, nani kafua jezi, nani anadaiwa hela ya refa. Akamaliza akasema kama dogo hapati basi sehemu yangu apewe yeye. Watu kimyaaa. Dogo alipata. Na fundi hakuwa kapteni wala makamu, hakuna aliyemtuma aandike vile.

Sasa wenzangu wanasema hiyo ni kazi ya mweka hazina sio ya kapteni, kapteni ni uwanjani. Nyie mnasemaje?

---

Njumu Moja:

Mkuu umeleta stori nzuri ya kumpata mwenyekiti wa kikoba ila mpira ni mpira. Kapteni lazima awe mchezaji ambaye kocha hawezi kumuweka benchi, hilo ndo la kwanza. Utampa kitambaa beki anayepigwa chenga kila wiki halafu siku kocha anamtoa dakika ya 50 kitambaa kinazunguka kama sahani ya mchango msibani.

Wakubwa wote wanafanya hivyo. Argentina 1986 kapteni Maradona, Argentina 2022 kapteni Messi. Hapa kwetu pia, mwanzoni mwa 2016 kocha Mkwasa alimvua Nadir Haroub Cannavaro kitambaa cha Taifa Stars akampa Samatta. Samatta ndo kwanza katoka kubeba ubingwa wa Afrika na klabu ya TP Mazembe ya Congo na tuzo ya mchezaji bora kwa wanaocheza ndani ya Afrika. Watu walilalamika weee, Cannavaro akaachana na timu ya taifa, lakini miaka mitatu baadae tukapiga Uganda 3-0 kwa Mkapa tukaenda AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) kwa mara ya kwanza toka 1980, kapteni nani? Samatta. Uzi ufungwe.

---

Beki Mstaafu:

Njumu Moja, ile mechi ya Machi 24, 2019 nilikuwepo jukwaa la mzunguko, nimepanga foleni toka saa nne asubuhi. Magoli ni Msuva, Erasto Nyoni kwa penalti na Aggrey Morris. Jina la Samatta halimo. Kwa hiyo kama alikuwa kapteni mzuri siku ile (na mimi nasema alikuwa) basi sio kwa sababu ya kufunga. Ndo hoja yangu hiyo hiyo, umenisaidia bila kujua.

Na la Cannavaro mimi bado linanikera. Sio kwamba Samatta hakustahili, alistahili. Ila mtu amevaa kitambaa cha nchi miaka, Yanga ni kapteni, halafu siku ya siku anakiona kwa mwingine na yeye anaondoka. Hata kama kocha yuko sahihi kuna namna ya kumuita mtu pembeni mkakaa mkaongea.

---

Mzee wa Redio:

Vijana shikamooni nyie mlioamka mapema (natania). Cannavaro sio wa kwanza wala wa mwisho. Mwaka 2019 kabla ya AFCON, Ghana walimnyang'anya Asamoah Gyan kitambaa wakampa André Ayew, Gyan akatangaza kustaafu timu ya taifa, ikabidi rais wa nchi Akufo-Addo mwenyewe ampigie simu ndo akarudi kikosini. Rais wa nchi! Kwa ajili ya kipande cha kitambaa chenye lastiki. Msikichukulie poa.

Mimi kapteni ninayemkubali kuliko wote sikumuona hata kwa macho, nilisimuliwa na baba na baadae nikasoma. Obdulio Varela wa Uruguay, Kombe la Dunia 1950, uwanja wa Maracanã, mechi ya mwisho dhidi ya Brazil. Brazil sare tu inawatosha kuwa mabingwa, uwanja umefurika, kipindi cha pili ndo kimeanza Friaça anafunga. Uwanja unalipuka. Sasa wewe fikiria uko pale na jezi ya Uruguay, ungefanyaje? Wengi wetu tungeukimbiza mpira kati haraka haraka tusawazishe. Varela akaenda wavuni taratibu, akauweka mpira kwapani, akaanza kutembea kumfuata mshika kibendera kudai offside (kuotea), akamfuata refa, anabishana na lugha yenyewe hawaelewani. Wala hakuwa anaamini kuna offside. Alikuwa anasubiri kelele zipoe. Kelele zikapoa, watu wakaanza kumzomea yeye badala ya kuishangilia timu yao, na wenzake wakapata muda wa kuvuta pumzi. Schiaffino akasawazisha, Ghiggia akamaliza, 2-1.

Hiyo ndo akili ya kapteni. Kujua saa ya kukimbia na saa ya kutembea. Namba kumi wenu ana hiyo? Fundi wenu anayo? Hilo ndo swali la kuwauliza, sio nani anafunga na nani anafua jezi.

Na kwa kumbukumbu tu, kikosi chetu cha 1980 kilichoenda AFCON kule Lagos kapteni alikuwa Leodegar Tenga, beki, msomi wa uhandisi, baadae akaja kuwa rais wa TFF, shirikisho letu la mpira. Sio bahati mbaya hiyo.

---

Filimbi:

Mimi ni mwamuzi, sio wa ligi kuu msije mkanitukana, ni wa huku huku chini. Acheni niwape upande wetu maana kapteni tunakutana nae kabla yenu nyote.

Kwanza kwa sheria. Sheria namba 3 inasema kapteni hana hadhi maalumu wala upendeleo wowote ila ana kiasi fulani cha wajibu kwa tabia za timu yake. Basi. Wengi wanadhani kitambaa ni leseni ya kumfokea refa, hakuna kitu kama hicho, kadi anakula kama mwingine. Toka Euro 2024 ndo UEFA, shirikisho la mpira la Ulaya, wakaleta utaratibu kwamba anayeruhusiwa kuja kuuliza maamuzi ni kapteni peke yake, mwingine akija kukuzonga anaonywa kwa kadi, na kama kapteni ni kipa basi anateuliwa mchezaji wa ndani awe anakuja badala yake maana kipa hawezi kukimbia uwanja mzima kila filimbi ikilia. Sasa hivi utaratibu huo unasambaa kwenye ligi kibao. Kwa hiyo hoja ya kwamba kapteni awe mtu anayejua kuongea imepanda bei.

Pili yaliyonikuta. Nilikuwa nachezesha nusu fainali moja ya mchangani, sitaji wapi, dakika ya 88 nikatoa penalti. Ilikuwa penalti halali na mpaka leo nikilala naiona ni halali. Timu nzima ikanijia, benchi likaingia, mashabiki wakaanza kuvuka kamba, na pale hakuna polisi kuna mgambo mmoja na fimbo yake na yeye anaangalia njia ya kutokea. Kapteni wao, beki mmoja mrefu mweusi tii, alinijia kwa kasi nikajua leo nimekwisha. Alipofika akanigeukia mgongo. Akasimama kati yangu na wenzake kanyoosha mikono hivi kama anazuia ng'ombe, anawaambia "nyie rudini, mkimgusa huyu tunafungiwa wote, rudini". Mmoja wa kwao wenyewe alimpiga kofi la shingo. Hakusogea. Penalti ikapigwa, ikaingia, wakatolewa.

Baada ya mechi alinifuata kwenye pikipiki akaniambia refa ile haikuwa penalti. Nikamwambia sawa. Yule ndo kapteni, yaani haamini maamuzi yangu na bado aliyalinda.

---

Kipa Hadaki:

Filimbi umeandika vizuri ila hapo kwenye makipa umetugusa. Dino Zoff 1982, Casillas 2010, Lloris 2018, wote makipa, wote makapteni, wote wamenyanyua Kombe la Dunia. Sisi tunaona uwanja mzima toka nyuma, nyie mnaona migongo. Juma Kaseja kavaa kitambaa Simba akiwa golini mbona mambo yalienda. Ni hayo tu.

---

Shabiki wa Kayole:

Niaje wasee wa Bongo, nimekuwa nikisoma tu lakini hii imenivuta. Hapo AFCON 2019 mmetaja Samatta mkasahau kusema mlikutana na sisi Wakenya Juni 27 pale Cairo, mkatangulia mara mbili na bado tukawachapa 3-2 😂 Kapteni wetu alikuwa Wanyama. Huyo jamaa si wa kupiga kelele sana, na hiyo ndiyo kitu nataka kusema. Msuva ametufunga mapema sana, Olunga anasawazisha, kabla hatujamaliza kushangilia Samatta ameweka ya pili. Hapo timu nyingi za kwetu huanza kugombana zenyewe kwa zenyewe, huyu anamlaumu yule. Hatukugombana. Omolo akasawazisha na kichwa, Olunga akamaliza kazi.

Lakini kuna mambo ya kapteni nyinyi hamjagusa bado, nayo ni pesa. Ukitaka kujua kapteni wa timu ya taifa Afrika ni nani, ngoja posho ichelewe. AFCON hiyo hiyo majirani wetu Uganda waligoma kufanya mazoezi kabla ya mechi ya Senegal kwa sababu ya marupurupu. Kombe la Dunia Brazil 2014 Cameroon walikataa kupanda ndege mpaka bonasi ieleweke, na Ghana serikali ilibidi isafirishe dola milioni 3 taslimu kwa ndege mpaka Brazil ndio wachezaji watulie. Sasa jiulize, katikati ya viongozi wa shirikisho na vijana 23 wamekasirika ndani ya hoteli, nani hutumwa kuongea? Ni kapteni. Akiongea sana anaitwa mchochezi, akinyamaza wenzake wanasema amenunuliwa. Na mara nyingi yeye ndiye hana shida ya hiyo pesa, anacheza Ulaya, anapigania kipa wa tatu ambaye mshahara wa klabu yake haujaingia miezi minne.

Kwa hiyo Beki Mstaafu, huyo fundi wako na kadaftari, mimi naona alifanya kazi ya kapteni kabisa. Laki tatu ama dola milioni tatu, kazi ni ile ile.

---

Njumu Moja:

Kayole umenipiga pabaya hapo kwenye 3-2, bado kidonda. Sawa nakubali kwenye hela kapteni ana kazi. Ila mbona hujajibu, Samatta, Wanyama, Olunga aliyekuja kupokea kitambaa baada ya Wanyama, wote ni wachezaji bora wa vikosi vyao. Hakuna hata mmoja aliyechaguliwa kwa sababu anajua kutunza daftari. Kiongozi wa shirikisho anamsikiliza Samatta kwa sababu ni Samatta, akienda beki wa kulia asiyejulikana anaambiwa asubiri nje.

---

Dada Kona:

Njumu Moja hapo una pointi na sitaki kukubishia kwa kubisha tu. Jina linafungua milango kweli. Ila tofautisha mtu anayefungua mlango na mtu anayejua cha kusema akishaingia ndani.

Mimi nimecheza mpira wa wanawake miaka saba, daraja la kati huko. Kapteni wetu wa kwanza alikuwa straika tishio, kila gazeti la michezo likiandika mpira wa wanawake linamtaja. Siku tumelala kwenye madarasa ya shule moja huko mkoani, hakuna magodoro, mabinti wawili wako kwenye siku zao hakuna hata maji, na kiongozi wa msafara yuko hotelini. Straika wetu akasema mimi sitaki kugombana nao nisije nikakosa usajili. Nimemuelewa, simlaumu, maisha ni magumu. Aliyekwenda kugonga mlango wa hoteli saa nne usiku ni kipa wetu namba mbili, kaenda na kandambili, karudi na katoni tatu za maji na pedi na hela ya mikeka. Msimu uliofuata tulimpa kitambaa huyo. Akawa anakaa benchi na kitambaa amekikunja mfukoni, akiingia anavaa. Kocha alicheka ila hakukataa.

Halafu mzee Redio kasema Varela, mimi nasema Puyol wa Barcelona. Sio yale ya kupasuka kichwa na kuvuja damu, hayo kila beki anayo. Nasema 2011 Wembley, fainali ya klabu bingwa Ulaya, wamewapiga Man United, kombe liko mezani, kapteni ni yeye, akamvisha mwenzake Abidal kitambaa akamwambia kanyanyue wewe. Abidal alikuwa katoka kufanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye ini mwezi Machi tu, na fainali Mei. Na Puyol huyo huyo mwaka uliofuata Barcelona wanaifunga Rayo Vallecano 7-0, Thiago na Dani Alves wanaanza kucheza mziki wa kushangilia goli, kaja akawakatisha pale pale. Wenzenu wako chini goli kibao na nyie mnakata viuno. Kuna kapteni gani hapa Bongo anaweza kumkatisha staa wake mbele ya kamera?

---

Mzee wa Redio:

Dada Kona nimekupa maua yako. Huyo kipa namba mbili na kandambili ningempa timu ya taifa.

---

Filimbi:

Kuhusu wasio makapteni wa kudumu, ile fainali ya AFCON kule Rabat Januari 2026 mliiona? Morocco wanapewa penalti dakika za nyongeza, Senegal wanatoka uwanjani kwa hasira, mechi inataka kuvunjika. Kapteni wao Koulibaly hayupo, ana adhabu ya kadi. Aliyewafuata ndani kuwarudisha ni Sadio Mané. Wakarudi, Mendy akaidaka penalti ya Brahim Díaz kilaini, Pape Gueye akafunga muda wa ziada. Mimi kama mwamuzi yule Mané nilimpigia saluti nikiwa kwenye kochi. Maneno ya mezani baada ya pale siyaingilii.

---

Njumu Moja:

Na Mané ni staa au sio staa? 😏

---

Filimbi:

We jamaa hushindwi.

---

Beki Mstaafu:

Wakuu narudi na mrejesho, samahani nimechelewa bando liliisha. Kura zimepigwa jana chini ya mwembe, waliohudhuria 24.

Namba kumi 13, fundi 11. Tumeshindwa. Njumu Moja usianze.

Ila sikilizeni kilichotokea. Mechi yenyewe ilikuwa saa kumi na watu wa Kongowe. Kapteni mpya kaenda kurusha shilingi kashinda, refa kamuuliza unachukua goli au unaanza na mpira, dogo bila kufikiri kasema mpira. Wenzetu wakachukua upande wenye jua mgongoni. Kipa wetu kipindi chote cha kwanza kaweka mkono usoni kama anapiga saluti, tukala mbili, zote za juu. Mapumziko ilikuwa vurugu, watu wa kundi letu wanamnong'oneza fundi "si unaona, si unaona", yaani walikuwa wanafurahi tunafungwa. Mimi mwenyewe nilifurahi kidogo, nakiri.

Fundi hakujibu mtu. Kaenda kukaa chini karibu na dogo, wanakunywa maji kwenye dumu moja, sikusikia wameongea nini. Kipindi cha pili kila mpira ukitoka dogo alikuwa anamuangalia fundi kabla hajasema kitu. Tumetoka 2-2, dogo kafunga moja na kamtengea mwingine moja.

Tukiwa tunakunja jezi dogo akamuuliza fundi mbele yetu wote, lile daftari ananiachia lini. Fundi kamwambia hilo lina hesabu za gereji humo, nunua lako, halafu Jumatano njoo tunakili majina. Na ulete mia tano ya refa, bado unadaiwa toka mwezi wa tatu.

---

Dada Kona:

Dogo kalipa?

---

Beki Mstaafu:

Kalipa. Ila kakopa kwangu.